Kusomea kinga ya mionzi na teknolojia ya nyuklia mtandaoni: nilichopata, nilichokosa na namna ya kuchagua chuo

Kipimamiale (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda napata ujumbe wa faragha wenye swali moja: je, mtu anaweza kusomea kinga ya mionzi akiwa kwake, mbele ya kompyuta, kisha akakubalika kazini? Nimeona jibu nilimwage lote hapa, maana wengi mnaouliza mko njia panda, ada imeshapatikana ila hamjui muipeleke wapi.

Mimi nilisoma teknolojia ya nyuklia mtandaoni kwa miaka minne, mchana nikifanya kazi nyingine kabisa. Huu ni mwaka wa sita napima mionzi kwa riziki: vyumba vya eksirei, maabara, na vyanzo vilivyozibwa vya viwandani, yaani vitu vyenye mionzi vilivyofungiwa ndani ya kasha.

Kwa kifupi, inawezekana. Tena kuna masomo ambayo darasa la mtandaoni linayafundisha vizuri kuliko ukumbi wa watu mia mbili. Ila kuna kitu kimoja hakisafiri kwa intaneti, nacho ni mkono unaoshika kipima mionzi. Chuo ambacho hakitakulazimisha kuufundisha mkono huo, usikipe hela yako hata kama tovuti yake inang'aa namna gani.

Nianze na yanayofundishika. Hesabu za fani hii zinakaa vizuri sana kwenye video, kwa sababu unasimamisha, unarudisha nyuma, unapiga upya mpaka kieleweke. Chukua umbali. Chanzo kidogo kinachokupa mikrosiveti (kizio cha dozi ya mionzi) 800 kwa saa ukiwa mita 1, rudi hadi mita 2 utakuta 200, rudi hadi mita 4 utakuta 50. Hujajenga ukuta, hujavaa aproni ya risasi, umepiga hatua tu. Chukua kuoza kwa kobalti-60, yaani nguvu yake kupungua kadiri muda unavyopita: nusu uhai wake, muda wa nguvu hiyo kubaki nusu, ni miaka 5.27. Ukikuta kwenye daftari la vyanzo imeandikwa gigabekereli (kizio cha nguvu ya chanzo) 100 na imepita miaka 26 na miezi kadhaa, nusu tano zimeshakatika: 50, 25, 12.5, 6.25, imebaki 3 na ushei. Teknetiamu-99m wanayodunga hospitalini nusu uhai wake ni muda wa saa 6, kwa hiyo ya leo asubuhi, kesho saa kama hiyo imebaki moja ya kumi na sita, na hapo hatujagusa ile inayotoka na mkojo. Mambo haya niliyaelewa usiku, peke yangu, na kalamu mkononi. Sikuhitaji mtu wa kunisimamia.

Viwango vya kimataifa pia vinasomeka popote. Mfanyakazi: milisiveti 20 kwa mwaka, wastani wa miaka 5, na mwaka wowote mmoja usivuke 50. Mtu wa kawaida: 1. Kwa lenzi ya jicho la mfanyakazi kikomo kilikuwa 150, hadi mwaka 2011 ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ilipopendekeza kishuke kifike 20 baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho huja kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Ili uwe na cha kupimia namba hizo, mionzi ya asili pekee humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka, na sehemu kubwa inatokana na gesi ya radoni tunayoivuta.

Sasa kilichonipata mimi. Nilimaliza nadharia yote nikiwa na alama za juu. Programu ilidai wiki mbili za vitendo, nikaenda nikiamini nakwenda kusaini karatasi tu. Siku ya kwanza mkufunzi akanipa kipima chenye kihisi bapa cha Geiger, akasema, "Meza ile ipime, uniambie kama ni safi." Nikapitisha kihisi kama mtu anayefuta vumbi, kulia kushoto, kulia kushoto. Kinalia tik… tik tik… tik, ile ile mionzi ya mazingira. Nikasema ni safi. Akaniambia rudia. Nikarudia, nikasema ni safi.

Hakunijibu. Akanishika kifundo cha mkono, akakishusha kihisi hadi sentimita moja hivi juu ya meza, akaanza kuusogeza mkono wangu polepole mno, sentimita mbili au tatu kwa sekunde. Nilidhani ananikomoa. Tulipofika karibu na kona, milio ikaanza kukimbizana, kisha ikawa mfululizo kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Chini ya utepe wa karatasi, rangi ile ile ya meza, alikuwa amebandika kidonge cha majaribio, chanzo dhaifu cha mionzi chenye ukubwa wa shilingi. Nilikuwa nimekipita mara nne.

Kwenye mtihani wa mtandaoni swali la kasi ya kihisi nililipata. Nilichagua jibu sahihi, nikapewa alama zangu. Jibu lilikuwa kichwani na mkono haukuwa nalo.

Karibuni tujadili. Nitajibu kadiri nitakavyopata nafasi.

Usiku_wa_Masomo

Mkuu, uzi umekuja wakati wake. Nafanya kazi ya ghala na nataka kuanza mwakani. Hesabu niliziacha zamani sana. Zinahitajika kiasi gani? Na nianzie wapi kabla ya kulipia chochote?

Kipimamiale

Mkuu, hesabu zenyewe si nyingi ila hazina huruma. Vipeo na logi, lazima. Kuoza kwa isotopu ni kipeo, mionzi kupungua ndani ya risasi au zege ni kipeo, na karibu kila kitu kingine kimejengwa juu ya hayo mawili. Kubadili vizio uwe unafanya bila kushtuka: grei na siveti za dozi, bekereli ya nguvu ya chanzo, na vile vya zamani, remu (dozi) na kyuri (nguvu ya chanzo), kwa sababu Marekani bado wanavitumia na vipima vingi vya zamani vimeandikwa hivyo. Siveti 1 ni remu 100. Kyuri 1 ni gigabekereli 37. Ukichanganya siveti na remu umekosea mara mia, na huo si upungufu wa alama, ni mtu kuungua.

Shahada nyingi zitakudai na kalkulasi. Ukiwa na logi kamili kalkulasi utaipata njiani.

Kabla ya kulipia: MIT wameweka wazi kwenye OpenCourseWare somo lao 22.01, utangulizi wa uhandisi wa nyuklia na mionzi ayonishi (ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu), video zote za mwaka 2016. Tazama kama tano. Ukiona unataka ya sita, fani inakufaa. IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, nalo lina jukwaa la kujifunzia mtandaoni, kozi zake nyingi ni za bure ukijisajili. Na kitabu chao cha viwango vya msingi vya usalama, GSR Part 3 cha mwaka 2014, kinapakuliwa bure. Kisome hicho polepole, lugha yake ni ya kisheria na hiyo ndiyo lugha utakayofanyia kazi.

Fundi_Eksirei

Nakuunga mkono mia kwa mia kuhusu mkono. Mimi niko chumba cha upasuaji kwenye mashine za eksirei zinazoonyesha picha mubashara. Vijana wanakuja na vyeti, ukiwauliza nguzo tatu za kinga wanazitaja kama shairi: muda, umbali, kizuizi. Halafu mashine inawashwa na kijana amesimama upande ule ule lilipo bomba la eksirei, ambako mionzi inayorudi kutoka mwilini mwa mgonjwa ni kali zaidi. Akihamia upande wa pili, kwenye kipokea picha, na kurudi nyuma hatua moja, dozi inashuka sana. Hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye chanzo cha mionzi inayompata yeye.

Na jambo lingine ambalo watu wanalichanganya hata baada ya kozi: mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Mgonjwa wa eksirei haondoki na mionzi mwilini. Aliyepewa iodini-131 ni habari nyingine kabisa, huyo anayo ndani na nusu uhai wake ni siku 8.

Kipimamiale

Fundi, asante sana. Tofauti hiyo ya kupigwa na mionzi na kuchafuliwa na vitu vyenye mionzi ndiyo mtihani wa kwanza ninaompa kila anayekuja kujifunza kwangu. Kama haiko wazi kichwani, hata mavazi ya kinga utavaa yasiyohusika. Ovaroli na glavu zinazuia uchafu usikufikie ngozini, mionzi ya gama inapita humo kana kwamba hujavaa kitu.

Sina_Hakika

Naomba niwe tofauti. Waajiri vyeti vya mtandaoni wanavitupa pembeni. Nimeona mtu na shahada yake ya mtandaoni akikataliwa kwenye usaili, wanasema hawaitambui. Tusiwapoteze watu.

Kipimamiale

Mkuu, hoja yako ni ya kweli na siwezi kuipuuza. Cheti cha mtandaoni chenyewe hakina maana moja. Kuna cha chuo chenye ithibati, na kuna cha kampuni iliyotengeneza slaidi arobaini na maswali kumi ya kuchagua.

Mfano wa upande mzuri ninaoujua: Excelsior University ya jimbo la New York, zamani ikiitwa Excelsior College, ina shahada ya teknolojia ya uhandisi wa nyuklia inayosomwa kwa mbali na yenye ithibati ya ABET, chombo cha Marekani kinachokagua shahada za uhandisi na teknolojia. Wengi wanaoisoma wanatoka kwenye mitambo ya nyuklia au kwenye jeshi la majini la Marekani, yaani mkono wameshaupata, wanachotafuta ni shahada. Oregon State University wana shahada ya uzamili ya fizikia ya afya ya mionzi inayofundishwa mtandaoni. Hizo haziwezi kuwekwa kapu moja na cheti cha slaidi.

Hapo kuna mtego mmoja. Uhandisi wa nyuklia na teknolojia ya uhandisi wa nyuklia si shahada moja, hata ABET wana tume mbili tofauti za kuzikagua. Ya kwanza inakupeleka zaidi kwenye usanifu na hesabu nzito, ya pili kwenye kuendesha, kupima na kutunza. Nchi nyingine zinaisajili ya kwanza tu kama uhandisi. Mtu akijaza fomu bila kujua hilo, anakuja kulijua kwenye usaili, na pengine ndicho kilichompata huyo uliyemwona.

Ushauri wangu ni kuanzia mwisho. Ukishajua nchi unayotaka kufanyia kazi, tafuta mamlaka inayosimamia mionzi huko, uwaandikie barua pepe yenye swali moja: ili nitambuliwe kuwa afisa wa kinga ya mionzi katika shughuli fulani, mnataka elimu gani na saa ngapi za vitendo? Wakijibu, lihifadhi jibu hilo. Kisha ndiyo utafute chuo kinachotimiza. Wengi wetu tunaanza na chuo halafu tunaiomba mamlaka ikikubali.

Sina_Hakika

Hapo nimekuelewa. Nilikuwa sijui hilo la tume mbili.

Namba_Hazidanganyi

Mleta uzi, mimi naona umeutukuza mno huo mkono. Vipima vya siku hizi ni vya kidijitali, vinasoma vyenyewe, vinapiga kengele vyenyewe. Zamani ilikuwa kazi ya ufundi. Sasa mtu anasoma namba kwenye kioo, basi.

Kipimamiale

Mkuu, nataka nikujibu kwa kirefu, kwa sababu hili ndilo linalonifanya niandike.

Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Kliniki ya tiba ya saratani ilihama jengo ikaacha nyuma mashine yenye sesiamu-137. Vijana wawili wakaifungua wakitafuta chuma cha kuuza. Kikafika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye usiku aliona unga wake unatoa mwanga wa buluu, akaupenda, akawagawia ndugu na marafiki. Watu wanne walikufa. Watu zaidi ya 112,000 walipangwa kwenye uwanja wa michezo kupimwa, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi.

Sehemu ambayo watu hawaisimulii ni namna ilivyogunduliwa. Mke wa yule mnunuzi alikuwa ameshaona kila aliyegusa kitu kile anaugua, akakipeleka kwenye ofisi ya afya, kwa basi, ndani ya mfuko. Daktari mmoja akashuku. Akaitwa mwanafizikia wa tiba aliyekuwa mjini. Akaazima kipima kinachotumiwa na watafuta madini ya urani, akakiwasha akiwa bado njiani, na mshale ukaruka hadi mwisho wa kipimo. Akakielekeza huku, mshale uko mwisho. Akakielekeza kule, uko mwisho. Akaamua kifaa ni kibovu, akarudi kuchukua kingine.

Cha pili kikafanya vile vile. Hapo ndipo akajua kwamba hakikuwa kibovu. Alifika wazima moto wakiwa wanajiandaa kukichukua kitu kile na kukitupa mtoni, akawazuia.

Sasa niambie, kioo kingemsaidia nini? Kioo kilisema "imejaa". Aliyeamua maana ya "imejaa" ni mtu. Na kuna kibaya zaidi ya hicho: baadhi ya vipima vya Geiger vikiingizwa kwenye mionzi mikali kupita uwezo wake huelemewa, namba inashuka, wakati mwingine hadi sifuri. Mtu anayesoma namba tu ataingia chumbani akiona sifuri. Aliyezoeshwa atakiwasha kipima nje ya mlango, ataisikia milio ikipanda, na ikikatika ghafla atarudi nyuma badala ya kusonga mbele.

Mionzi ya alfa nayo. Hewani inakwenda sentimita chache tu, karatasi inaizuia, unyevu kidogo juu ya meza unaificha kabisa. Kihisi kikiwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa, kioo kitakuandikia meza ni safi. Kifaa kitakuwa kimesoma sawasawa kile kilichokifikia.

Namba_Hazidanganyi

Nimesoma mara mbili. Hilo la sifuri linatisha. Nafuta kauli ya "basi".

Mama_Lulu

Naomba kuuliza kwa upole. Nina ujauzito wa miezi mitatu, niko mwaka wa pili mtandaoni, na vitendo vimepangwa mwezi wa sita. Niahirishe? Naogopa kuuliza chuoni wasije wakanifukuza.

Kipimamiale

Dada, hongera. Usiogope kuuliza, sheria iko upande wako. Viwango vya kimataifa vinasema mwanamke aliyejulisha ujauzito wake anaendelea na kazi kwa masharti kwamba mtoto aliye tumboni apate kinga ya kiwango cha mtu wa kawaida, yaani isizidi milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki. Ila hiyo kinga inaanza siku unapojulisha, na ni vizuri ujulishe kwa maandishi. Ukinyamaza, wanakuhesabu kama wengine.

Waombe dozi zilizosomwa kwenye beji za kupimia mionzi za wanafunzi waliotangulia katika vitendo vile vile. Maabara ya mafunzo yenye vyanzo vidogo mara nyingi iko chini sana ya hapo. Omba pia beji yako ya kuvaa tumboni. Kama kuna zoezi la vyanzo visivyozibwa, unga au maji, hilo ningekushauri uliache hadi baadaye, maana hofu hapo ni kumeza au kuvuta. Na wakishindwa kukupa hizo namba, ahirisha, si kwa ajili ya mimba tu bali kwa sababu chuo kisichojua dozi za wanafunzi wake hakijui kinachofundisha.

Fundi_Eksirei

Mama Lulu, mimi nimefanya kazi na wenzangu wawili wajawazito. Walijulisha mapema, wakapangiwa vyumba tofauti, hawakupoteza kazi. Andika barua leo.

Mama_Lulu

Asanteni sana. Naandika.

Usiku_wa_Masomo

Mkuu, nimerudi na mrejesho. Nimeandikia vyuo viwili nikiuliza habari ya vitendo. Kimoja wamejibu kwamba vyote viko kwenye simuleta, yaani mfumo wa kompyuta unaoigiza kazi halisi, "sawa kabisa na maabara". Kingine wamenitumia orodha: aina tano za vipima, saa 80 chini ya msimamizi, maabara tatu ninazoweza kuchagua, na fomu ambayo msimamizi anasaini zoezi moja moja. Cha pili ni cha muda mrefu kidogo. Na tangu nianze, video za MIT nimefika ya saba.

Kipimamiale

Nenda cha pili. Simuleta siidharau, kwa chumba cha kuongozea kinu ni kifaa kizuri na waendeshaji wengi wanafundishwa humo. Ila kwa kupima uchafu mezani haikupi uzito wa kihisi wala uchovu wa bega baada ya nusu saa, na uchovu ndio unaomfanya mtu aanze kukimbiza mkono.

Kwenye ile orodha angalia vitu viwili. Kwanza, je, kuna zoezi la kufuta kwa karatasi? Unafuta eneo la sentimita 100 za mraba kwa karatasi ya duara, unaihesabu kwenye mashine, unajua kama uchafu unabanduka au umeng'ang'ania. Kazini utafanya hilo kuliko kitu kingine chochote. Pili, fomu iwe na mahali pa kuandika ukaguzi wa kipima kabla ya kukitumia: stika ya tarehe kilipohakikiwa usahihi wake, betri, kidonge cha majaribio, usomaji wa mazingira. Kama hayo manne hayamo, waombe wayaongeze.

Ukisubiri muhula uanze, chukua fimbo nyepesi, ufunge kitu cha gramu mia tano hivi mbele yake, uweke rula mezani na saa ya sekunde. Mita moja ikuchukue sekunde arobaini, fimbo isiguse meza wala isipande. Fanya kila jioni kabla ya video. Ukiweza mara kumi bila kuharakisha, niandikie, nitakueleza zoezi la pili.

Usiku_wa_Masomo

Nimejaribu sasa hivi. Sekunde kumi na nne. Naanza upya.